Heri Aitwe Mlevi

Fundi wa mabango alianguka ndani ya duka la rangi, mbele ya kaunta, akiwa ameshika kopo la rangi ya njano. Kwanza alinyamaza katikati ya sentensi. Mkewe, aliyekuwa nyuma yake akichagua brashi, aliusikia ukimya ule kabla hajaona lolote. Akatupa brashi, akamdaka kwapani ili kichwa kisipige sakafu. Kopo likabingirika hadi miguuni mwa wateja.

Kisha mke akafanya alichozoea kufanya. Alipiga magoti, akawapa watu mgongo ili wasiuone mdomo wa mumewe, akamlaza ubavu. Kwa mkono wa pili akafungua mkoba, akatoa kichupa cha pombe kali kilichokaa chini ya leso, akaimimina kidogo kwenye shati la mumewe, kama mtu anayejitia manukato. Harufu ikapanda.

"Mnisamehe jamani," alisema bila kugeuka. "Mlevi wangu huyu."

Duka zima likapasuka kwa kicheko.

"Mapema yote hii? Mimi hata chai sijanywa!" alisema mteja mmoja.

"Huyo Chupa humjui," muuza rangi akamjibu. "Yeye chai yake ndiyo hiyo. Mama, una moyo wewe. Ningekuwa mimi ningeshamrudisha kwao."

"Kwao wamemkataa," mke akasema, na kicheko kikaanza upya. Utani huo ulikuwa umechakaa kwa kutumika, lakini ulikuwa bado unafanya kazi.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyevuta mtoto wake kando wala aliyefuta kaunta kwa maji ya dawa. Mlevi huchekwa, na anayechekwa bado anaruhusiwa kuingia dukani. Wa kifafa hachekwi. Wa kifafa huachiwa njia yote apite peke yake. Mke wa fundi alilijua hilo vizuri, na kwa sababu hiyo mwanamume ambaye hajawahi kuonja pombe hata kwa ncha ya ulimi alijulikana mtaa mzima kwa jina la Chupa.

Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichofanya ni kunusa shati lake. Akajua kilichotokea. Akafumba tena.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo uliojaa mbao zilizopakwa rangi nyeupe, zikisubiri majina ya maduka. Mke alilowesha shati kwenye beseni, kisha akaenda kutazama kikopo cha vidonge juu ya kabati. Alirudi amekishika, akakitikisa mbele ya uso wa mumewe. Kililia kama njuga.

"Vimejaa."

"Navimeza."

"Unavimeza wapi, bwana? Vingekuwa vinamezwa visingelia hivi."

Fundi aliketi kitandani. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, vidole vimetanuka. Ulitulia kabisa.

"Unauona huu? Nikimeza vyote unatetemeka. Nikivipunguza unatulia. Mstari wangu, mke wangu, hakuna fundi mji huu mwenye mstari kama wangu. Niingie kwenye ukuta ule na mkono unaotetemeka?"

"Kwa hiyo heri uanguke."

"Maisha yangu yote nimeandika KINYOZI. Nimeandika USIKOJOE HAPA. Leo mtu ananipa ukuta mzima wa wodi ya watoto, ananiambia chora unachotaka. Unachotaka! Hilo neno nimelisikia lini mimi?"

Mke alikirudisha kikopo juu ya kabati. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kuumiza.

Binti yao akaingia kutoka kazini, nyuzi za cherehani zikiwa bado zimenata kwenye sketi yake. Hakuvua viatu.

"Nimesikia huko njiani. Umeanguka tena, baba?"

"Nimeanguka."

"Walisema umelewa?"

"Walisema."

"Afadhali," binti akasema. Neno lilimtoka kabla hajalichunguza. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kutoa nyuzi moja moja kwenye sketi yake.

Mambo yalikuwa hivi. Binti alichumbiwa na fundi umeme wa hospitali, kijana mwenye adabu, na ndiye aliyempelekea Matroni, mkuu wa wauguzi pale, habari za mkwe wake mtarajiwa na mkono wake wa ajabu. Mama wa kijana alikwishasikia habari za Chupa. Alinuna, akasonya, mwishowe akakubali. Pombe huachwa, alisema. Lakini mama huyohuyo aliwahi kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu bibi wa yule msichana alikuwa na kifafa. Kipo kwenye damu hicho, alisema, na mimi sitaki wajukuu wa kudakwa dakwa. Binti alikuwa ameketi palepale maneno hayo yakisemwa, ameshika sinia la vikombe, akitabasamu.

"Hodi!"

Alikuwa fundi umeme mwenyewe. Aliamkia wote kwa heshima, akakataa kiti.

"Mzee, sikuja kwa ubaya. Ila Matroni ameshapata habari za dukani. Mimi nilimhakikishia kwa mdomo wangu huu kwamba umeacha. Sasa ananiuliza, kijana, unanidanganya mimi?"

Fundi alimtazama mkewe. Mke alimtazama binti. Binti alitazama sketi yake.

"Niliteleza, mwanangu," fundi akasema.

"Basi kesho twende ukaape mbele yake. Amesema ukiapa, na ukikubali masharti, ukuta ni wako."

"Nitaapa," alisema fundi.

Kijana alipoondoka, binti alinyanyuka akachukua bilauri ya maji na kikopo cha vidonge, akaviweka mbele ya baba yake. Fundi alimeza dozi nzima huku wanawake wawili wamesimama wanamwangalia koo, kama wanaomlinda mwizi.

*

Matroni alikuwa mama mwenye sauti ya chini, na hiyo ilifanya mambo yawe mabaya zaidi, kwa sababu kila aliyekuwa ofisini alilazimika kunyamaza ili amsikie.

"Mimi sina neno na mtu, mzee. Mchoro wako umenipendeza. Lakini humu ndani kuna watoto. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Naapa nimeacha pombe."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Alikwama. Mtu aseme nini, tangu azaliwe? "Tangu jana."

Karani akakohoa ili asicheke. Fundi umeme, aliyesimama mlangoni kama mdhamini mahakamani, alitazama viatu vyake.

"Vizuri," Matroni akasema. "Kila asubuhi mlinzi wa getini atakunusa mdomo. Ukinuka, unarudi ulikotoka. Ukianguka hata mara moja humu ndani, kazi imekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mlinzi aliifurahia kazi hiyo mpya kuliko alivyowahi kulifurahia geti. Kila asubuhi alimsimamisha fundi kando, mbele ya foleni ya wagonjwa na ndugu zao. "Haya Chupa, fungua duka," alisema, na fundi alifungua mdomo na kumpumulia usoni. "Mh. Leo dawa ya meno. Pita." Watu walicheka. Hata wagonjwa walicheka, na wengine pale walikuwa hawajacheka siku nyingi. Fundi alipita na ndoo yake ya brashi, masikio yakimwaka moto.

*

Ukuta ulikuwa mrefu, umeanzia mlangoni mwa wodi mpaka dirishani, na vitanda vilipangwa kuukabili. Alichokuwa amekichora kwenye karatasi ni mtaa: maduka, mafundi, baiskeli, vibao vilivyonyooka juu ya kila mlango. Alitaka mtoto aliyelala hapo mwezi mzima aone njia anayoweza kutembea.

Kibao cha kwanza kilimshinda. Alipiga uzi wa chaki, akaegemeza mkono kwenye ufito wake wa kunyooshea mistari, akashusha brashi. Vidonge vilikuwa vimekwisha kuingia kwenye damu. Mstari ulitoka na mawimbi. Akaufuta kwa kitambaa, akarudia. Mawimbi yakarudi. Msichana mmoja mwenye bandeji kichwani akamwambia toka kitandani, "Babu, nyumba yako inaanguka."

"Usimcheke," mama yake akanong'ona, kwa sauti iliyosikika wodi nzima. "Anaacha pombe. Ndivyo wanavyotetemeka."

Fundi alishuka ngazini, akaenda nje nyuma ya jiko la hospitali, akasimama ameukabili ukuta mtupu. Alifikiria kikopo cha vidonge kilichokuwa mfukoni. Jioni angeweza kumeza nusu. Kesho nusu. Mkono ungetulia. Alifikiria pia sakafu ya saruji chini ya ile ngazi, na binti yake ameshika sinia la vikombe.

Alirudi ndani. Alifuta maduka yote aliyokuwa ameyapanga kwa chaki.

Alianza kuchora mti. Alishika brashi kubwa iliyokwisha kuchakaa, akaacha mkono ufanye ulivyotaka, na ule mtetemeko ukatawanya majani ya kijani ambayo ufito wowote usingeweza kuyatoa. Akachora kuku. Manyoya yalisimama kana kwamba kuku amepigwa na upepo. Akachora mbuzi, na mbuzi akawa na ndevu za kweli, zilizochoka. Msichana wa bandeji aliketi kitandani. "Babu, mbuzi anatafuna!" Fundi aligeuka ili wasione anavyotabasamu. Alikuwa amejivunia mstari wake tangu ujanani. Sasa aliona aibu kwamba kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupaka kilikuwa kinatoka kwenye vidonge alivyovikataa.

Kwa siku kadhaa kazi ilikwenda hivyo. Ukuta ulijaa majani, moshi, mkia wa jogoo, nywele za mama anayechanwa.

Kisha mtoto wa kitanda cha dirishani akakakamaa.

Alikuwa mvulana mdogo, aliyeletwa usiku uliotangulia. Macho yalimgeuka, mwili ukaanza kurusharusha shuka. Mama yake, msichana mdogo tu mwenyewe, alivuta shuka akamfunika uso wote, akalilalia juu kwa mikono.

"Homa imempanda," alisema haraka, akiwageukia wengine. "Ni homa tu. Homa tu."

"Mtieni kijiko mdomoni!" mtu akapiga kelele. Wanawake wa vitanda vya jirani walikwisha kuwanyanyua watoto wao na kurudi nyuma. Nafasi pana ilifunguka kuzunguka kitanda kile.

Fundi hakukumbuka alivyoshuka ngazini. Aliufunua uso wa mtoto, akamgeuza ubavu, akakunja fulana yake ya kazi akaiweka chini ya kichwa. "Hakuna kijiko. Mwacheni. Mwacheni apumue. Mama, mshike hapa, begani, usimbane. Itapita." Aliongea kwa sauti ya mkewe. Ndivyo mkewe alivyokuwa akiongea, alidhani, ingawa hakuwahi kumsikia.

Ikapita. Mtoto akalegea, akapumua, akalala. Muuguzi alipofika mbio, kazi ilikuwa imekwisha.

Mama wa mtoto alimwangalia fundi kwa macho yaliyojaa hofu. "Umejuaje?"

Alikuwa na majibu mengi yaliyo tayari. Niliwahi kumwona mtu. Nilifundishwa shuleni. Lolote lingetosha. Lakini asubuhi hiyo mlinzi alikuwa amemshika kidevu, akamfungua mdomo kwa vidole kama anayenunua punda, na kicheko cha foleni kilikuwa bado kinamwasha.

"Na mimi ninacho," alisema. "Kifafa. Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Ni kifafa."

Alikusudia kunong'ona. Lakini wodi ilikuwa kimya kwa sababu ya mtoto. Juu ya kitanda cha tatu, amesimama kwenye meza akibadilisha taa, fundi umeme alishusha mikono yake polepole.

*

"Ulishindwa kunyamaza?" binti alimuuliza. Ilikuwa jioni, chakula kimepoa, hakuna aliyekigusa.

"Mtoto alikuwa anakabwa, mwanangu."

"Ungemgeuza ukanyamaza! Kumgeuza na kusema ni kitu kimoja? Ulishamaliza kumgeuza, baba. Ulishamaliza."

Ilikuwa kweli. Mtoto hakuokolewa na maneno. Maneno aliyasema kwa ajili yake mwenyewe, kwa kiburi chake, kwa ajili ya kidevu chake.

"Wewe umechoka kunuswa wiki hizi mbili," binti aliendelea, na sauti ikamvunjika. "Mama amekuimbia huo ulevi miaka yote. Mimi nimesoma shule nzima naitwa mtoto wa Chupa. Sisi hatukuchoka?"

"Mwache baba yako," mke akasema.

"Wewe ndiye uliyemwita mlevi, mama. Wa kwanza kabisa ni wewe."

Kwa miaka yote mke aliamini kwamba alikuwa amemjengea mumewe ukuta wa kujificha. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba siku moja mtoto wake mwenyewe angemsomea hesabu kutoka upande wa pili wa ukuta huo. Akakusanya sahani, zikiwa zimejaa vilevile, akazipeleka jikoni.

*

Asubuhi mlinzi hakumsimamisha. Alifungua geti lote, wazi kabisa, akasogea hatua nyingi nyuma, mkono umefunika pua. "Pita, mzee," alisema. Hakumwita Chupa. Foleni nayo ikajisogeza. Fundi alipita katikati ya ile nafasi, na kwa mara ya kwanza akatamani kile kicheko.

Matroni alimngoja mlangoni mwa wodi.

"Mimi ni muuguzi," alisema, kwa sauti ya chini zaidi kuliko kawaida. "Nimekusimamisha getini unuswe, na mimi ni muuguzi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa ukuta?"

Matroni aliitazama ngazi iliyoegemea ukuta. "Ngazi nisingekupa."

"Na sasa?"

"Sasa pia sikupi. Utamaliza pale mkono wako unapofika. Kule juu kutabaki vilevile. Siwezi, mzee. Ukianguka toka kule, nani atajibu?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililouma. Ngazi ilikuwa mali ya idara ya umeme, kwa hiyo aliyetumwa kuichukua alikuwa fundi umeme. Aliifunga, akaiweka begani, kisha akasimama nayo bila kuondoka.

"Nilikutetea kwa mama," alisema. "Nikamwambia kila mtu huteleza. Nikamwambia hata marehemu baba alikuwa anakunywa. Nimemtukana marehemu baba yangu, mzee, kwa kukutetea kosa ambalo huna."

"Nisamehe."

"Mama amekataa. Jana hiyohiyo. Alishaambiwa kabla sijafika nyumbani."

"Na wewe?"

Kijana alihamisha ngazi kutoka bega moja kwenda jingine. "Sijui," alisema. "Nikisema najua nitakuwa nakudanganya, na udanganyifu umetosha." Akaondoka, na kwa kuwa ngazi ilikuwa ndefu, ilimlazimu ageuke mara mbili mlangoni, huku wodi nzima ikimtazama.

Fundi akachukua brashi. Miti yake ilikuwa imekatika juu, mashina na majani ya chini tu, na juu yake ukuta mweupe mtupu. Akapiga magoti, akaendelea na nyasi.

*

Mchana mke alimletea chakula. Hakuwahi kuingia humo. Alisimama mlangoni, ameshika chombo chake, akiutazama ukuta, mbuzi, kuku, yule mama anayechanwa nywele, akashangaa kwamba mikono anayoifahamu hivyo ilikuwa imefanya kitu asichokifahamu.

Wakati huohuo mvulana wa dirishani akakakamaa tena.

Mke wa fundi aliona yote tangu mwanzo. Aliona mwili unavyovutika, akawaona wanawake wanavyonyanyua watoto wao. Alimwona yule mama mdogo akishika shuka, akalivuta, likafika kidevuni mwa mtoto. Hapo mkono ukasimama. Kisha akalishusha shuka, akamgeuza mwanawe ubavu, uso wazi, mbele ya kila mtu.

"Ni kifafa," alisema, machozi yakimshuka. "Mwanangu ana kifafa. Nipisheni apate hewa."

Fundi alikuwa amekwisha kuinuka, lakini hakuhitajika. Alibaki amesimama na brashi inayodondosha rangi ya kijani sakafuni.

Mkewe aliingia ndani. Alitafuta mahali pa kukaa, akaketi kwenye ncha ya benchi, karibu na mwanamke mmoja aliyempakata mwanawe, kikombe chake cha chai kikiwa juu ya benchi. Msichana yule alikuwa na umri gani? Mdogo kuliko binti yake. Alichukua siku moja tu kulitamka neno lile.

"Makubwa," jirani wa benchi alimnong'oneza, akisogea karibu kwa umbea. "Kwanza mchoraji, sasa huyu. Wodi gani hii? Na wewe mama, umekuja kwa mgonjwa gani?"

Mke wa fundi alifungua mdomo, na kwa mazoea ule utani wa zamani ukamjia mbio, umejipanga tayari ulimini. Akaumeza. Uso ulimwaka, shingo ikamwaka, akaangalia chini.

"Mimi ni mke wa mchoraji," alisema. "Wa kifafa."

Polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana anafanya, mwanamke yule alihamisha kikombe chake kutoka kwenye benchi katikati yao akakiweka upande wa pili, mbali, karibu na ukuta.

Mke wa fundi aliona. Aliona vizuri sana. Akaweka chombo cha chakula mapajani, akakishika kwa mikono miwili, akabaki amekaa palepale.